Jirani Aliniuliza Ninamwambia Mungu Nini

Wiki hii nimeombwa kuandika juu ya kuwashuhudia wengine imani yetu bila woga. Nilitaka kukataa, kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mchungaji wala katekista. Halafu nikakumbuka asubuhi moja kwenye mstari wa maji, nikaona heri niiandike ile asubuhi, hata kama inaniletea haya.

Ilikuwa kabla ya saa kumi na moja. Ninyi mnaokaa kwenye vilima vya Bukavu, upande wetu wa Kadutu, mnajua mambo ya bomba: maji yakija yanakuja usiku, na asiyeamka anakwenda shuleni au sokoni bila kuoga. Nilikuwa na bidoni tatu. Mbele yangu alisimama jirani yangu, mama mwuza makala. Tunakaa naye katika parseli moja, mlango wake na wangu inatazamana. Amenizidi umri kwa miaka kama ishirini. Sote tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini hapa sitaliandika.

Aligeuka akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei ya sombe: "Mwalimu, wewe kila siku ya Mungu unavaa kikwembe kizuri, unaenda kusali. Unamwambiaka Mungu nini?"

Wamama wanne watano walikuwa wanasikia. Moyo ulinipiga. Nikasema: "Mama, ukuje na wewe siku moja. Tuko na kwaya nzuri sana."

Alicheka kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema, akageuka, akasukuma bidoni yake mbele.

Mnaona nilichofanya? Mtu aliniuliza habari za Mungu, mimi nikamjibu habari za kwaya. Nilichukua bidoni zangu nyumbani nikijiambia kwamba nimemkaribisha kanisani, kwa hiyo kazi nimeifanya. Ilinichukua miezi mingi kukubali kwamba siku ile nilimfungia mlango kwa adabu.

Jambo lililonishangaza ni hili. Kila siku nasimama mbele ya watoto zaidi ya hamsini. Nilisoma kwenye Taasisi ya Ualimu, nikafanya staji, nikafundishwa sauti, macho, ubao, namna ya kutembea kati ya madeski. Mkaguzi akikaa nyuma ya darasa na daftari lake, sitetemeki tena. Lakini mama mmoja mwenye bidoni mkononi alinishinda kwa swali moja. Kwa hiyo woga wangu haukuwa ule wa mtu asiyejua kusema. Nilijichunguza niujue ulitoka wapi.

Cha kwanza nilichokuta ni makala. Nilikuwa na deni lake. Ninyi mnajua maisha ya mwalimu: mshahara unachelewa, na tangu mabenki yalipofunga milango hapa mjini mwezi wa pili 2025, hata ule mdogo ukija njia ya kuupata ni ndefu. Nilikuwa nimechukua gunia moja, halafu nusu ya lingine, nikasema nitalipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine. Mama yule hakunidai mbele ya watu hata mara moja. Sasa nitamwambiaje habari za Bwana wangu, naye anaweza kujibu moyoni: huyo Bwana wako hajakufundisha kulipa?

Cha pili ni kwamba ananijua. Mlango wake unatazamana na wangu. Anasikia ninavyopigia watoto kelele asubuhi wakitafuta viatu. Aliwahi kusikia ugomvi wangu na mume wangu hadi mwisho, maana kuta zetu ni za mbao. Kwenye kanisa natoa ushuhuda mbele ya watu mia mbili bila shida, kwa sababu watu mia mbili hawakunisikia siku ya nne usiku. Ni yule mmoja aliyesikia ndiye ananifunga mdomo.

Nililileta jambo hili kwenye kikao chetu cha wamama, siku ya likelemba, baada ya kuhesabu pesa. Nilifikiri nitakuwa peke yangu. Kumbe kila mmoja alikuwa na la kwake. Mama mmoja anayeuza sambaza alisema anaogopa kupoteza wateja, maana wanunuzi wake wengine ni wa dini nyingine na wengine hawana dini. Mama mwingine, mume wake anamcheka. Binti aliyeolewa mwaka jana alisema anaogopa kuulizwa maswali juu ya Biblia ambayo hawezi kujibu. Mama mzee kabisa, mjane, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema anaogopa swali moja tu: kwa nini Mungu anaiacha nchi yetu hivi?

Hapo hakuna aliyeongea haraka. Mimi nilikuwa na miaka mitano mwaka 1996 tulipokimbia mara ya kwanza. Tangu hapo nimekimbia mara ngapi, siwezi kuhesabu vizuri. Nani kati yetu hajaliuliza swali hilo usiku, akiwa amelalia godoro na viatu miguuni?

Kuna woga mwingine ambao wamama hawakuutaja, lakini nadhani uko. Mji wetu umejaa makelele ya dini. Ukilala, kuna chumba cha maombi kwenye kona kinapiga spika hadi saa tisa ya usiku. Ukipanda basi kwenda Panzi, mtu anasimama na Biblia akihubiri, halafu anazungusha kofia. Nabii mmoja anamwambia mama kwamba mtoto wake haponi kwa sababu ya bibi yake; mwingine anataka dola mbele kabla ya kuomba. Watu wamechoka. Wengi wetu wenye imani ya kimya tunaogopa tukifungua mdomo tutawekwa katika kundi hilo. Mimi mwenyewe nikiona mtu anakuja na karatasi za kuhubiri, navuka barabara. Ndiyo, navuka, na ninasali. Semeni mnavyotaka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mtoto wa tatu wa jirani yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu na wenzake. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mtoto mwenye mwandiko mzuri na hesabu mbaya. Shimo likabomoka. Habari zilifika kwa simu, siku ya posho jioni. Mwili haukuletwa, walimzika huko huko. Kwa hiyo tulifanya kilio bila mwili, na wamama mnajua kilio cha namna hiyo kinavyouma, maana macho hayana mahali pa kutazama.

Tulifanya yanayofanywa. Tulichanga, tulileta maji, tulipika bugali na maharagwe, tulilala pale kwenye turubai. Usiku wa pili alikuja mhubiri mmoja, sitasema wa wapi. Hakuna aliyemwita, ila hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alianza vizuri. Halafu akapandisha sauti, akasema kuna nyumba ambazo kifo kinaingia kwa sababu mlango wa maombi haukufungwa. Akasema wazazi wengine wanawatuma watoto kwenye mashimo kwa tamaa ya dhahabu, badala ya kuwatuma kanisani. Alisema hivyo mbele ya mama aliyekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, akimlilia mtoto wake.

Nilikuwa nyuma, nikiosha masahani. Nilijua kwamba anayosema si kweli. Nilijua kijana yule alikwenda shimoni ili kumlipia dada yake masomo. Nilijua pia, kwa imani yangu mwenyewe, kwamba Bwana Yesu alipoulizwa juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kusema walikuwa wenye dhambi kupita wengine. Iko katika Luka, sura ya 13. Nilikuwa na andiko, nilikuwa na sauti ya mwalimu, na nilikuwa na miaka sita ya ujirani. Niliendelea kuosha masahani.

Jirani yangu hakumjibu yule mtu. Aliinama tu zaidi. Baada ya kilio hakutaka tena mtu wa dini afike mlangoni pake, na alikuwa na haki.

Wamama, mimi sidhani kwamba dhambi yangu kubwa ya mwaka huo ilikuwa nyingine.

Wiki zile nilikuwa natayarisha somo la historia ya nchi yetu, na nikarudi kusoma habari za Isidore Bakanja. Mimi si mkatoliki, lakini dada zangu wakatoliki wa chama hiki watanivumilia nimwazime. Alikuwa kijana wa Kimongo, huko Équateur, msaidizi wa waashi. Alibatizwa tarehe 6 mwezi wa tano 1906 kule Mbandaka, mji ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville. Hakuwa padri wala katekista aliyetumwa. Baadaye alikwenda kufanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja kwenye shamba la mpira, mahali panapoitwa Ikili. Huko mabwana wa shamba hawakutaka kusikia habari za wamisionari. Bakanja alikuwa anasali mwenyewe, na wenzake wakitaka kujifunza sala, anawafundisha. Shingoni alivaa skapulari, vile vitambaa viwili vidogo vya Bikira Maria vyenye kamba. Waliamuru aivue. Aliendelea kuivaa. Mwaka 1909 alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo ukaoza. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe aliyemchapisha na kusema atamwombea, akafa tarehe 15 mwezi wa nane mwaka ule ule. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 24 mwezi wa nne 1994.

Nilipokuwa mtoto, nilifundishwa habari hii kama habari ya mjeledi. Safari hii nilisimama kwenye lile jambo dogo la katikati: wenzake walimwomba awafundishe. Walimwona anasali, wakauliza, naye akajibu walichouliza. Hilo ndilo lililowaogopesha mabwana wa shamba. Hakuwa na spika wala kofia ya kuzungusha. Nami pia niliulizwa, kwenye mstari wa maji, na hakuna mtu aliyenishikia mjeledi. Kitu nilichoogopa kilikuwa macho ya wamama watano na deni la gunia moja na nusu.

Kuna mwingine wa karibu zaidi na sisi, Floribert Bwana Chui wa Goma. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa pesa za watu waliotaka kupitisha vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 ametangazwa mwenye heri kule Roma. Kuna mama anayesoma hapa ambaye watoto wake hawakula chakula kile kibovu, wala hajui. Ninamtaja kwa sababu watu wengine wananiambia, "Mwalimu, mimi nashuhudia kwa matendo, maneno sina." Vema kabisa, kama matendo yapo. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, na matendo yangu yalikuwa deni la makala.

Basi nikaanzia hapo. Nilipopata sehemu ya mshahara, kabla ya kununua chochote nilivuka ua, nikapiga hodi. Alikuwa anachambua mchele. Nikampa pesa zote za gunia moja na nusu. Akazihesabu mara mbili, mama mfanyabiashara yule, akazifunga kwenye ncha ya kikwembe. Hakunikaribisha kukaa. Nikakaa.

Nilikuwa nimejitayarisha kama ninavyotayarisha somo, na fishi kichwani: utangulizi, andiko, mfano, swali. Yote yalipotea. Nikasema tu: "Mama, usiku ule wa kilio, yule mtu aliposema yale maneno juu yako, nilikuwa pale nyuma. Nilijua ni uongo, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Hakuinua macho kwenye mchele. Akasema: "Nilikuona."

Nawaambia, neno hilo lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyosikia. Alikuwa ameniona. Wiki zote zile alikuwa ananisalimia asubuhi, "Umeamkaje, mwalimu," naye alikuwa ameniona.

Tulikaa kimya mpaka mchele ukaisha. Kisha nikamwambia: "Mama, siku moja kwenye maji uliniuliza ninamwambia Mungu nini, nikakudanganya na mambo ya kwaya. Ukitaka, nikuambie leo." Akasema, "Sema."

Nilimwambia jambo ambalo hata kwenye kikao chetu sijawahi kulitoa, na ninaliandika hapa kwa ruhusa ya mume wangu. Mimba yangu ya pili ilitoka nikiwa na miezi saba. Alikuwa msichana. Watu walikuja na maelezo: mmoja alisema ni uchawi wa upande wa mume, mwingine kwamba sikufunga vya kutosha, mwingine kwamba Mungu alihitaji malaika. Kwa miezi mitatu nilienda kanisani, na wengine wakiimba mimi nilikuwa namwambia Mungu neno moja: nimekukasirikia. Sikuwa na sala nyingine. Nilifikiri atanitupa. Sikutupwa. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Maelezo ya kifo cha mtoto sikupata mpaka leo. Nilichopata ni kwamba nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, naye hakuondoka. Ile hasira yenyewe iligeuka polepole ikawa kilio, na kilio kikawa maneno. Ninaamini ni Yesu, kwa sababu yeye mwenyewe pale msalabani alimwuliza Baba yake kwa nini amemwacha. "Hiyo ndiyo ninamwambiaka, mama," nikasema. "Siku nyingine namshukuru, siku nyingine naomba ya mshahara. Ila ilianzia hapo."

Alinyamaza sana. Halafu akauliza: "Basi hata mimi nikimkasirikia, anasikia?"

"Mimi naamini anasikia."

"Na kwa nini alimwacha mtoto wangu chini ya udongo?"

Lilikuwa lile swali la mama yetu mjane. Nilisema: "Sijui, mama." Sikuongeza kitu. Nilitaka sana kuongeza. Mdomo wa mwalimu unapenda kujaza kimya. Lakini darasani nimejifunza kwamba mtoto akiuliza jambo usilolijua, ukabuni jibu, atakugundua siku moja, na tangu siku hiyo hata unayoyajua hatayaamini. Ukisema "sijui", anakuheshimu, na kesho anauliza tena.

Nilipoondoka nilijiona kama mtu aliyeshindwa. Hakuna aliyeongoka. Hatukuomba hata sala moja pamoja. Nikavuka ua, nikaingia kwangu, nikaanza kupika.

Hayo ndiyo yangu. Sasa wamama wengine watasema, "Mwalimu, tuambie basi tufanye nini." Fishi ya hatua tano siwapi, maana ya kwangu mwenyewe ilinipotea. Lakini kuna mambo machache ya kazi yetu ya ualimu ambayo naona yanasaidia. Shuleni tulifundishwa kwamba somo linaanza na kile mtoto anachokijua tayari, ndipo umpeleke kwenye asichokijua. Sisi tukitaka kushuhudia tunaanza kwa yale tunayoyajua sisi: ratiba ya kanisa, jina la mchungaji, mistari tuliyokariri. Jirani yangu alijua kufiwa. Pale tulikuwa na lugha moja. Yule mwanamke Msamaria kisimani, katika Yohana sura ya 4, alianziwa na maji, kwa sababu maji ndiyo aliyokujia. Naye aliporudi mjini, alisema tu mambo yaliyompata, tena katika mji uliojua vizuri habari za wanaume wake. Huyo alikuwa na sababu ya kuogopa macho ya watu kuliko mimi, na huenda alikwenda kisimani saa sita ya mchana kwa ajili ya hayo.

Jambo la pili linahusu watoto, nami naomba walimu wenzangu wanisikilize. Darasani kuna watoto wa Kikristo wa kila namna, na nina watoto wawili Waislamu. Somo la dini lipo katika programu, ninalifundisha. Lakini mtoto aliye mbele yangu hawezi kuondoka, na mimi ndiye ninayempa pointi. Kumbana mtoto wa namna hiyo ni kutumia kalamu nyekundu vibaya. Mama wa mmoja wa watoto hao aliniuliza siku moja kama mwanawe analazimishwa kusali. Nikamwambia hapana, anakaa kimya kwa heshima na wenzake. Tukaongea. Ameniuliza habari za Krismasi, mimi nimemuuliza habari za Ramadani, na mwaka jana aliniletea vitumbua. Siku akitaka kujua zaidi anajua mlango wangu, nami wa kwake.

Na kwa wale wenye waume wasiosali. Mnaambiwa kila mara kwamba Petro aliandika mume anaweza kuvutwa na mwenendo wa mke bila maneno. Ni kweli, na nimewaona waume wa namna hiyo, akiwemo mmoja ambaye sasa ni shemasi na anatusumbua. Lakini andiko hilo lisitumiwe kumnyamazisha mama anayepigwa. Huyo aseme, na aseme kwa sauti, kwa wamama wenzake, kwa wazee, na kwa wenye sheria. Simwiti mama anayeficha majeraha shahidi wa imani.

Kwa mama wa sambaza, sisemi kitu juu ya wateja. Anajua soko kuliko mimi. Nitataja tu mzee Apolo Kivebulaya, aliyetoka Uganda akafika Boga, Ituri, mwaka 1896. Chifu wa pale alimpinga na kumtesa, na baadaye chifu huyo huyo akabatizwa. Kivebulaya alikaa na watu wa Boga na wa msitu mpaka akafa pale pale mwaka 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi yake hapo. Ilimchukua karibu miaka arobaini. Wateja wengine wanarudi.

Mtataka kujua habari za jirani yangu. Hajaja kanisani. Sijamwambia tena juu ya kwaya. Ila jioni moja alipiga hodi, akauliza kama katika Biblia kuna mtu aliyemkasirikia Mungu kama mimi. Nikamwambia wako wengi, nikafungua Zaburi. Yeye hakusoma shule, kwa hiyo ninamsomea, jioni mbili tatu kwa wiki, wakati bugali iko juu ya moto. Kuna zaburi ambazo ananikataza kuendelea. Anasema, "Hapo simama," anakaa nazo. Kuna nyingine za furaha ambazo anasema ni za watu wengine. Makala nanunua kwa pesa mkononi.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa nafua. Nikasikia ananiita kutoka kwenye depo yake: "Mwalimu, kuja! Kuja umwambie huyu ile uliniambia." Nikapangusa mikono, nikashuka. Alikuwa na mama kijana nisiyemjua, amekaa juu ya gunia, macho mekundu. Nikaambiwa mume wake alikwenda kwenye mashimo, sasa ni miezi minne hana habari. Nilitafuta namna ya kuanza. Lakini jirani yangu hakuningoja. Alishaanza mwenyewe, mikono yote miwili myeusi ya makala, anamwambia yule binti habari za mtoto wake wa Kamituga, na mhubiri wa usiku ule, na mwalimu mmoja aliyenyamaza, na kwamba mtu anaweza kumkasirikia Mungu naye asiondoke. Zaburi alizichanganya, sehemu moja alimpa Daudi maneno ya Ayubu. Sikumsahihisha. Nilivuta gunia lingine, nikakaa, nikasikiliza.